Kabla hujamwongezea mgonjwa dawa ya presha, mpime upya

#1 Sista wa Dirishani

Wakuu, salaam. Mimi ni muuguzi, dawati la vipimo, wagonjwa wa nje, huu mwaka wa kumi na saba. Kituo sikitaji. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu kosa la kwanza nitakalolieleza ni la kwangu.

Kuna bibi mmoja, miaka sabini na kitu, mikono minene ya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote. Alikuja siku ya kliniki saa mbili na nusu asubuhi, amekata njia kwa miguu kutoka barabara kuu kwa sababu wamegombana nauli na bodaboda. Nikamkalisha kwenye benchi lisilo na egemeo. Nikamkunjia mkono wa gauni mpaka ukambana juu ya kiwiko kama kamba. Nikafunga kafu (kile kitambaa cha kubana mkono) ileile ninayomfunga kila mtu, nikabonyeza. Mashine inavuma, nami namuuliza: bibi, kadi ya bima umekuja nayo? Namba ya simu ya kijana wako? Anajibu, mkono unaning'inia ubavuni. 178/96. Nikaandika. Tabibu akaona 178, akaongeza kidonge cha pili. Hakuna aliyekiuka utaratibu tuliouzoea.

Siku ya nne wakamleta na bajaji. Aliamka usiku kwenda chooni, akasimama, giza likamjia, akaenda chini. Paji la uso limepasuka. Tukamlaza, akatulia, tukapima kwa kafu kubwa tuliyoazima wodini: 128/70. Tukamsimamisha, dakika moja baadaye namba ya juu ikawa 102.

Najua, sehemu ya ile 128 ni kidonge kipya kinafanya kazi. Na mtu wa umri ule ana sababu nyingi za kuanguka. Ila tangu siku hiyo, nikiona 178 swali la kwanza ni: hii ni ya mgonjwa, au nimeitengeneza mimi?

Naendelea chini, msinijazie kwanza.

#2 Sista wa Dirishani

Tuivunje ile 178.

Kafu kwanza. Ndani ya kile kitambaa mna mfuko wa mpira, na huo mfuko ndio unaobana mshipa. Unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono, na upana wake ufike kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Ukiwa mfupi, mbano hauufikii mshipa sawasawa, kwa hiyo hewa inabidi iongezwe ndipo mshipa ufunge, na ile ziada inaandikwa kama presha ya mgonjwa. Siku ile alipoletwa na bajaji nilichukua tepu ya fundi cherehani, nikapima katikati ya bega na kiwiko cha bibi. Sentimita 37. Nikageuza kafu yangu, pembeni imeandikwa 22–32. Maandishi hayo yalikuwepo miaka yote.

Mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 195. Kila mmoja alipimwa kwa kafu ya kawaida na kwa kafu ya saizi yake. Waliostahili kafu kubwa, ile ya kawaida iliwapandishia namba ya juu kwa karibu 5. Waliostahili kubwa kabisa iliwapandishia kwa karibu 20. Na wenye mikono myembamba iliwashusha kwa karibu 4. Someni tena hiyo ya 20. Mtu mwenye 125 anatoka na 145 na pakiti ya dawa.

Mkono sasa. Hili linanifurahisha kwa sababu unaweza kulikokotoa mwenyewe. Tunapima kwa milimita za zebaki. Zebaki ni nzito kuliko damu kama mara 13. Kwa hiyo sentimita 13 za damu ni sawa na sentimita moja ya zebaki, yaani milimita 10. Kila kafu inaposhuka sentimita 13 chini ya moyo, namba inapanda 10. Ukiunyanyua mkono juu ya moyo, inashuka kwa hesabu hiyohiyo. Ndiyo maana meza ipo. Kafu iwe usawa wa katikati ya mfupa wa kifua, na mkono uwe umelazwa juu ya kitu, si mgonjwa kuushikilia mwenyewe hewani. Watu walewale wa Johns Hopkins walijaribu tena mwaka 2024 kwa watu 133: mkono ukiwekwa mapajani, namba ya juu ilizidi kwa karibu 4, ukining'inia ubavuni, kwa karibu 6 na nusu. Mapajani! Nani kati yetu hajampima mtu mkono ukiwa mapajani?

Halafu mdomo. Kuzungumza wakati mashine inapima kunaweza kupandisha namba kwa kama 10. Si lazima yawe mazungumzo ya ugomvi. Kutaja namba ya simu kunatosha. Mimi ndiye niliyekuwa ninamuuliza.

Mgongo bila egemeo, miguu iliyokunjwa nne au inayoning'inia kutoka kitanda cha kuchunguzia, kibofu kilichojaa, kahawa au sigara ndani ya nusu saa iliyopita, kupanda ngazi bila kupumzika dakika tano kabla ya kupimwa: kila kimoja kina mchango wake. Havijumlishwi kama bili ya duka, mwili hauendi hivyo, lakini vyote vinasukuma upande mmoja. Juu.

#3 Chai Rangi

Sista kwa hiyo mimi niliyeambiwa nina presha tangu 2019 ni mkono mnene tu? Naomba nirudishiwe chumvi yangu.

#4 Sista wa Dirishani

Chumvi iache hukohuko iliko, na dawa usiguse. Nimesema mpime upya, sijasema mwache dawa. Wapo wengi ambao ukiwapima kwa taratibu zote bado ni 170, na hao ndio wanaopata kiharusi wakiwa wanasubiri uthibitisho kutoka mitandaoni. Nenda ulikoandikiwa, waambie wakupime mkono kwa tepu, basi.

#5 Tabibu Mkavu

Dada nakuheshimu, lakini uzi huu umeandikwa kwa ajili ya hospitali yenye zulia. Kituo changu Jumatatu wanakuja wagonjwa 90, muuguzi wa vipimo mmoja. Mnasema apumzike dakika tano. Dakika tano mara 90 ni saa saba na nusu, bado hujagusa joto wala uzito. Nani atawaona? Mwongozo ni mzuri kwenye karatasi. Mimi nikiona 160 natibu 160.

#6 Sista wa Dirishani

Mkuu hesabu yako ni sahihi ikiwa dakika tano zinaliwa mezani kwangu. Zangu zinaliwa kwenye foleni. Mgonjwa wako wa 40 anasubiri saa nzima, sivyo? Muda upo, ila tunautumia vibaya: anasubiri amesimama kwenye korido, anaitwa, anakurupuka, anakimbilia dirishani asipitwe, tunampima akihema.

Tulichobadilisha sisi: maswali yote (jina, bima, simu, umetumia dawa leo) yamehamia meza ya kwanza. Baada ya hapo kuna viti vinne vyenye egemeo, vilikuwa vimerundikwa ukumbi wa mikutano vinaliwa na vumbi. Anayekaa vile viti ameshatoka chooni, koti limeshavuliwa, haongei na simu. Mmoja akiingia kupimwa, wengine wanasogea kiti kimoja. Anayenifikia ameshakaa dakika tano au zaidi na sijampotezea hata moja. Kwa akina mama wa baibui tumefunga pazia la kitenge kwenye kona, maana mkono wazi ni mkono wazi, kupima juu ya nguo nimeacha.

Kuhusu kurudia, mwongozo wa mwaka 2020 wa Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Damu umekuonea huruma. Unasema upime mara tatu kwa kupishanisha dakika moja, uchukue wastani wa mbili za mwisho. Lakini kipimo cha kwanza kikiwa chini ya 130/85 huna haja ya kurudia. Kwa hiyo si wote 90 wa kupimwa mara tatu.

Na ukiona 160 ukatibu 160, sawa, ila uwe umeiona kweli.

#7 Fundi wa Vifaa Tiba

Wauguzi na matabibu mnalaumiana, mmesahau mashine. Nazungumza kama mtu anayezifungua.

Zile za mshale: kabla ya kufunga, tazama mshale umelala wapi kafu ikiwa haina hewa. Kama haupo kwenye sifuri, usiitumie. Kama upo kwenye sifuri, usifurahi bado, kwa sababu baadhi zina kijiti kidogo kinachouzuia mshale usishuke chini ya hapo. Mshale unakuwa umeegemea kijiti na wewe unadhani umetulia wenyewe. Mashine ikishadondoka sakafuni mara moja, kwangu hiyo ni mgonjwa mpaka ipimwe.

Jaribio la kuvuja unaweza kufanya wewe mwenyewe. Funga kafu kwenye chupa au kipande cha bomba, pampu mpaka 200, funga valvu, tazama saa dakika moja. Ikishuka zaidi ya milimita 4 kuna mpira umechanika au valvu imechoka. Usahihi wenyewe ndio unaotaka kiunganishi cha njia tatu na kipimo cha marejeo, yaani kile kinachojulikana kuwa sahihi: unaziunganisha zote mbili kwenye hewa moja, unashuka kidogokidogo, mshale usipishane zaidi ya milimita 3. Hilo lifanyike angalau mara moja kwa mwaka, kwa mashine za mshale afadhali kila miezi sita. Nimeshaletewa mashine iliyopishana 14. Ilikuwa inafanya kazi kila siku, hakuna aliyeuliza.

Zile za zebaki za ukutani zilikuwa za kuaminika kuliko zote, ila zebaki ni sumu na Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuzitengeneza, kuziagiza na kuziuza nje ya nchi. Mkiwa nayo stoo, msiivunje wala msimpe mtoto acheze na ile shanga ya fedha.

Za kielektroniki nazo watu hawaelewi zinafanyaje. Hazisikilizi kitu. Zinahisi mtikisiko wa mshipa kwenye hewa ya kafu, zinatafuta pale mtikisiko ulipo mkubwa, ambapo ni karibu na wastani wa presha, halafu kanuni ya kiwanda inakokotoa namba ya juu na ya chini. Kila kiwanda kina kanuni yake na hakitoi. Mambo mawili yanatoka hapo. Kwanza, kafu ya kampuni hii usiiunganishe na mashine ya kampuni ile. Pili, mgonjwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio anaichanganya kanuni, kwa hiyo kabla ya kubonyeza shika kifundo cha mkono wake kwa nusu dakika. Mapigo yakiwa yanarukaruka, chukua stethoskopu, upime mara kadhaa na kutafuta wastani.

#8 Mwanafunzi wa Utabibu

Naomba kuuliza hapo kwenye stethoskopu. Mkufunzi wetu anasisitiza tupapase kwanza mshipa wa kifundo huku tukipampu, ndipo tusikilize. Wodini sijamwona hata mmoja anafanya hivyo, wote wanapampu hadi 180 wanaachia. Kuna umuhimu?

#9 Sista wa Dirishani

Mdogo wangu, mkufunzi wako mshukuru. Nakuchorea mfano. Mgonjwa presha yake ya kweli ni 196. Baadhi ya watu, hasa wazee wenye mishipa migumu, sauti zinaanza 196, zinafika 180 hivi zinapotea, kimya kabisa, halafu zinarudi 155. Wewe umepampu mpaka 175 ukaanza kusikiliza. Umeingia katikati ya kile kimya. Sauti ya kwanza unayoisikia ni 155, unaandika 155, unaenda kunywa chai. Umempunguzia mtu 41.

Ukipapasa hudanganyiki, kwa sababu kimya kile ni cha masikio, si cha mapigo. Vidole kwenye kifundo, pampu mpaka mapigo yapotee, kumbuka namba, ongeza 30 juu yake. Kisha shusha taratibu, milimita 2 kwa sekunde. Kushuka haraka ndiko kunakoharibu: mapigo yakiwa 60 kwa dakika na wewe unashuka 10 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo umeruka 10 nzima.

Sauti ya kwanza ni namba ya juu. Sauti inapotoweka kabisa ni namba ya chini. Kengele ya stethoskopu usiichomeke chini ya kafu. Iweke kwenye mkunjo wa kiwiko, na kafu iishie vidole viwili juu yake.

Kwa wanaopenda historia: kafu ya mkononi na zebaki ni kazi ya Riva-Rocci, Mwitalia, mwaka 1896 kule Turin. Yeye alikuwa anapapasa tu, hakuwa na sauti, kwa hiyo alikuwa na namba ya juu peke yake. Na kafu yake ilikuwa nyembamba mno, kama sentimita 5 hivi, namba zake zikapaa, mpaka Recklinghausen, daktari Mjerumani, alipoipanua mwaka 1901. Mnaona? Kosa la kafu ndogo lina umri sawa na kafu yenyewe. Sauti alikuja kuzieleza Korotkov, daktari wa upasuaji wa jeshi la Urusi, mwaka 1905 huko St. Petersburg.

Na tukiwa hapohapo kwenye mshale: fungueni daftari lenu la presha, ukurasa wowote. 130/80, 120/80, 140/90, 130/80, 110/70. Mshale una mistari ya 2, 2. Kama kweli tunasoma, moja kati ya tano ndiyo iishie na sifuri, nyingine zigawane 2, 4, 6 na 8. Ukurasa wenye sifuri tupu haujapimwa, umekisiwa. Ukurasa wangu ulikuwa hivyo.

#10 Mkunga wa Zamu

Nashukuru kwa uzi, ila mmezungumzia upande mmoja tu, kwamba tunapandisha. Kwetu kliniki ya wajawazito hofu ni kushusha.

Mama wa wiki 34, kichwa kinamuuma, macho yanaona nyota. Tumemlaza ubavu wa kushoto kama tulivyofundishwa, halafu kafu tunaifunga mkono wa kulia, ule ulio juu. Ule mkono upo juu ya moyo! Hesabu ya Sista ya sentimita 13 inafanya kazi kinyume. Mama ana 150/98, mashine inasema 138/86, tunamwambia arudi nyumbani akapumzike. Kifafa cha mimba kinaanzia hapo. Mkalishe, mkono mezani. Akiwa hawezi kukaa, mpime akiwa amelala ubavu lakini mkono uwe usawa wa moyo.

140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, rudia baada ya saa nne na pima protini kwenye mkojo. 160/110 usingoje saa nne, rudia ndani ya dakika 15 na uwe umeshaanza kuita watu. Na si kila mashine ya kielektroniki inafaa kwa mjamzito. Baadhi husoma chini mama akiwa na kifafa cha mimba kinachonyemelea. Tafuteni iliyothibitishwa kwa wajawazito. Ipo moja inaitwa CRADLE, inawasha taa ya kijani, njano au nyekundu, ilijaribiwa nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Uganda. Mhudumu hahitaji kukumbuka namba usiku wa manane.

Moja la mwisho. Kwa wajawazito wachache sauti haitoweki, inaendelea mpaka sifuri. Msiandike 120/0, nimeiona kwenye kadi. Chukueni pale sauti inapofifia ghafla.

#11 Kijana wa Likoni

Hamjambo, salamu kutoka Likoni. Mamangu ana mashine ya nyumbani, ya kifundo cha mkono, kakangu aliileta kutoka safari. Akipima mara tatu yampa namba tatu mbali mbali, kisha aamini ile mbaya zaidi na kutwa nzima hali chakula. Akienda hospitali ndio kabisa, amwona daktari tu presha yapanda. Tufuate gani?

#12 Sista wa Dirishani

Ndugu yangu mpe mama pole. Hiyo ya kupanda akimwona daktari ni ya kweli, wala si uoga wa kijinga, na ndiyo maana kipimo cha nyumbani kina thamani. Kuna na kinyume chake: mtu ana 126 kliniki na 150 nyumbani, huyo anapita katikati yetu hajulikani.

Ya kifundo ni ngumu kuiweka sawa, mkono ukishuka kidogo tu namba imeenda. Mkipata uwezo nunueni ya juu ya kiwiko, mkimpima mkono kwanza mjue saizi ya kafu. Kwa sasa, akitumia hiyo, kifundo kiwe usawa wa moyo.

Afanye hivi wiki moja kabla ya kwenda kliniki: asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, ameshatoka msalani, amekaa dakika tano, apime mara mbili, kwa kupishanisha dakika moja. Jioni vilevile. Siku saba, zikimshinda basi tatu. Namba zote ziandikwe, nzuri na mbaya. Siku ya kwanza ifutwe, zilizobaki zitafutiwe wastani. Wastani ukifika 135/85 au kuzidi, hiyo ni presha kwa kipimo cha nyumbani. Baada ya hapo mashine irudi kabatini. Kupima kila akisikia moyo unadunda kunamwongezea kudunda.

Namba kupishana kila mara si ubovu. Presha si urefu wa mtu, haikai mahali pamoja.

#13 Tabibu Mkavu

Nimerudi. Nimesoma yote. Viti navikubali, nimeshatuma mtu stoo.

Ila kuna jambo hamjalisema na mimi nimeliona kwa macho yangu. Muuguzi akishajua kwamba namba ya kwanza "si ya kweli", anaanza kupima mpaka apate anayoipenda. 164, hapana, tulia mama. 158, pumua. 149, ngoja kidogo. 138, hiyo hapo! Anaandika 138. Huyo mama ana presha, na tumemnyima dawa kwa upole. Ninyi mnaogopa dawa ya ziada. Mimi wodini kwangu nawapokea waliokosa.

#14 Sista wa Dirishani

Hapo umenishika, na nakubali. Nimelifanya hilo pia.

Dawa yake ni kuamua idadi kabla ya kuanza. Tatu ni tatu. Zote zinaandikwa kwenye kadi, siyo iliyotupendeza. Kadi ya bibi yangu sasa ina mistari mitatu kila siku ya kliniki, na pembeni tumeandika mkono upi na saizi ya kafu: "kulia, kubwa". Akija mwenzangu asipime kushoto kwa kafu ndogo halafu tukashangaa presha imeruka.

Na mgonjwa mpya apimwe mikono yote miwili. Ikipishana zaidi ya 10 na ukirudia bado inapishana, mkono wenye namba kubwa ndio utumike siku zote. Ikipishana zaidi ya 20 mwambie daktari, huenda mshipa wa upande mmoja umeziba. Isipokuwa mkono wenye njia ya kusafishia figo, huo haufungwi kafu hata mara moja.

Ila ile ya 180/120 kwenda juu na mtu anaumwa kifua, anahema, mdomo umepinda au haoni vizuri, huyo hamkalishi kwenye kiti cha tatu. Huyo anaingia ndani sasa hivi.

#15 Chai Rangi

Mrejesho. Nimeenda na tepu ya mke wangu mfukoni. Mkono 35. Sista wa pale alinitazama kama mwizi, kisha akacheka, akaenda kutafuta kafu kubwa, dakika kumi. Mara tatu: 152/94, 148/92, 146/92. Yaani presha ninayo.

Chumvi basi.

#16 Sista wa Dirishani

Pole na hongera. Sasa ni ya kwako kweli.

#17 Mwanafunzi wa Utabibu

Nimepapasa leo wodini. Mzee mmoja, kitanda cha dirishani. Kadi yake wiki nzima 150, 150, 150. Mapigo yalipotea 190. Nimerudia mara mbili, nikamwita daktari wa zamu naye akapapasa. Sijasema kitu, ila nimesikia anamwambia muuguzi kadi hii nani alikuwa anaiandika.

#18 Fundi wa Vifaa Tiba

Usijisifu mbele yao, watakutuma chai mwezi mzima. Ila umefanya kazi.

#19 Tabibu Mkavu

Viti vimepatikana vitatu, cha nne mguu umevunjika. Kafu kubwa hakuna kituo kizima. Sista, nyie ile mliyoazima wodini mliirudisha?

#20 Sista wa Dirishani

Mkuu usiniulize mbele za watu. Tumeagiza mbili, zilipokuja moja ikaenda wodi ya wazazi siku hiyohiyo "kwa dakika tano" na mpaka leo sijaiona. Iliyobaki nimeiandika DAWATI LA VIPIMO kwa makapeni nyekundu, pande zote mbili, na nimeifunga kwenye mguu wa meza kwa kamba ya dripu.